Mzee Crabtree Anapinga

Hapa Tolliver, ukitaka kujua kama jambo litapita kwenye baraza la mji, huna haja ya kuwauliza madiwani. Uliza kitu kimoja tu: Verlin Crabtree amelipinga? Kama hajalipinga, shaka ipo. Kama amelipinga, nenda kalale, limeshapita.

Kwa miaka ishirini na mbili mzee huyu alikaa kiti kilekile, safu ya tatu upande wa dirisha, kila Jumanne ya pili na ya nne ya mwezi. Alipinga maegesho ya kulipia, yakaja. Alipinga taa mpya za barabarani, na leo zinatumulika usiku kucha tukaonekana wagonjwa sote. Alipinga bata wasiletwe kwenye bwawa la bustani, wakaletwa, wakazaana. Alipinga hata ile kanuni inayomruhusu msemaji kumpa mwenzake dakika zilizombakia, akidai itazaa watu wa kusema mpaka alfajiri. Ikapita kwa kura saba bila, na diwani mmoja akapiga makofi.

Jambo moja tu ndilo aliloliomba, na aliliomba kila kikao: mtaro wa Mtaa wa Sycamore uzibuliwe, maana mvua ikinyesha unatapika maji mpaka kwenye ngazi za nyumba yake. Mtaro huo haujaguswa mpaka leo.

Waliosema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi hawakuwahi kufika Ohio, lakini walituona. Madiwani wetu walivua miaka yote ile, na Verlin hakuacha kukasirika.

Ubishi aliupata kazini. Alikuwa kinyozi wa Barabara Kuu kwa miaka thelathini na minane, na mtu aliyefungwa kitambaa shingoni, wembe uko karibu na sikio, hambishii kinyozi. Verlin akazoea kusikilizwa. Barazani alikuta watu wasiofungwa kitambaa, na juu ya hayo alimkuta karani, Bi Opaline Fetterman.

Bi Fetterman ana kengele ndogo ya mezani, ya kugonga kwa kiganja, kama zile za mapokezi ya hoteli. Kila raia ana dakika tatu za kusema. Zikiisha, kengele inalia, hata kama umefika kwenye neno "kwa hiyo". Kabla ya kusema lolote lazima utaje jina lako na mahali unapokaa, hata kama mwenyekiti ni mtoto wa mama yako. Na mlangoni kuna karatasi yenye safu mbili, Naunga Mkono na Napinga. Jina la Verlin, Bi Fetterman huliandika mapema kwa wino, safu ya kupinga, kabla hajapanga viti. Wawili hao hawapendani, ila kwa kanuni wanaelewana. Mwaka fulani mchungaji wa Methodisti alizidisha sekunde kumi na moja akiomba ua wa kanisa utengenezwe, na aliyesimama kulalamika kwamba kengele imechelewa alikuwa Verlin.

Huyo ndiye Verlin wa barazani, tunayemjua sote. Wa nyumbani hatukumjua.

Nyumbani alikuwa na binti, Marcy, mwenye miaka thelathini na minne. Marcy alikuwa akifanya kazi ya kuwainua wazee vitandani kwenye nyumba ya kulelea, mgongo ukamshika, daktari akamwandikia vidonge vya maumivu. Daktari akamwandikia tena, na tena, halafu siku moja akaacha kuandika. Mwili wa Marcy haukuacha kudai. Yaliyofuata kila mtaa wa Tolliver una mtu wake wa kuyasimulia, kwa hiyo siyarefushi.

Watu walipoanza kumuuliza, Verlin alisema binti yuko Columbus, kwenye kampuni ya bima. Uongo ukishauzaa lazima uulee, naye aliulea vizuri. Mwaka wa kwanza Marcy alipandishwa cheo. Mwaka wa pili akapandishwa tena. Jirani yao, Bi Hazel Dunaway, akamtuma Verlin amuulize Marcy kuhusu bima ya paa lake, na Verlin akarudi na jibu zuri kabisa, alilolipata kwa kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Maana Marcy alikuwa huko juu, chumba chake cha utotoni, mwezi wa nane sasa bila kugusa vidonge wala kile kilichokuja baada ya vidonge.

Aliyemsaidia kufika hapo ni mshauri mmoja, Tawnya Beasley, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuzibua masikio, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuzama na kuibuka. Alikuwa na vyumba vitatu nyuma ya lililokuwa duka la viatu. Watu waliingilia kichochoroni ili wasionekane, na nyumba yenyewe ikaitwa hivyohivyo, Mlango wa Nyuma. Mara tatu kwa wiki Verlin alimpeleka Marcy kwa gari lake la mizigo, akamshusha kwenye kona, akaenda kuegesha mtaa wa pili, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi na kujificha nyuma ya gazeti.

Mlango wa Nyuma ulikuwa ufungwe mwezi Juni, ufadhili wake unaisha. Na wakati huohuo baraza lilikuwa na fedha mkononi: zile ambazo kampuni za vidonge zilitakiwa mahakamani kuwalipa watu walioumizwa, na mgawo wa Tolliver ulikuwa umefika. Zilitakiwa ziende kwenye tiba ya uraibu na afya ya akili. Basi ndugu zangu, hapo ndipo tulipogundua kwamba kila kitu mjini petu ni afya ya akili. Mkuu wa zimamoto alitaka boti. Mkuu wa bustani alitaka kibanda cha kukaa watu na mawazo yao. Mwenyekiti wa baraza, Gus Palermo, anayeuza matairi, alitaka ubao mkubwa wa taa kwenye lango la mji wenye maneno TOLLIVER TUNA MATUMAINI. Ubao huo, kwa bahati tu, ungesimama mita thelathini kutoka kwenye matairi yake.

Jumapili kabla ya kikao, Verlin amejificha nyuma ya gazeti kama kawaida, kioo cha gari kikagongwa.

"Mzee Crabtree, teremsha kioo. Nakuona."

Alikuwa Tawnya. Verlin alishusha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Namsubiri fundi viatu," alisema.

"Fundi viatu ana miaka kumi na tano kaburini."

"Ndiyo maana anachelewa."

Tawnya aliangua kicheko, njiwa wakaruka juu ya paa. Kisha akainama na kuegemea mlango.

"Mzee wangu, nina ombi. Keshokutwa barazani, naomba utupinge."

"Niwapinge?"

"Kwa nguvu zako zote. Piga meza. Sema tunauharibu mji."

"Mama, wewe una akili timamu?"

"Ninayo, hata cheti ninacho, nimekitundika ukutani. Sikiliza. Madiwani watatu wako na sisi, watatu wako na ubao. Anabaki Palermo, na ubao ni wake. Tumekwisha. Sasa niambie wewe, ni jambo gani uliwahi kulipinga likafa?"

Verlin alifikiri. Alifikiri sana, mpaka akavua kofia.

"Wale bata," alisema.

"Bata wako bwawani, mzee. Jana mmoja kamng'ata mjukuu wangu."

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi..."

"Wewe una kipaji," Tawnya alisema, sasa kwa upole. "Tunakiazima kwa dakika tatu tu. Tukifunga pale, hawa watu kumi na tisa sina pa kuwapeleka. Na binti yako ni mmojawapo."

Verlin aliumia, na ni haki yake kuumia, maana si kila siku mtu anaambiwa kazi ya maisha yake imekuwa ikienda kinyumenyume. Lakini alikubali. Kupinga alikuweza, na kulikuwa na faida nyingine ambayo hakumwambia Tawnya: mtu anayepinga haulizwi kwa nini anajali.

Jioni ile alimweleza Marcy mezani, wakila nyama ya kusaga ya kuoka na viazi. Alidhani binti atacheka. Marcy aliweka uma chini.

"Utasimama mbele ya mji mzima useme pale ni pabaya?"

"Ni mbinu, mwanangu. Hata mshauri wako kaikubali."

"Tawnya ana hofu, angekubali hata uchawi. Mimi nakuuliza wewe, baba. Niko hai kwa sababu ya pale."

"Najua."

"Unajua wewe na ukuta. Huko nje watu wanajua mimi ni meneja."

"Meneja msaidizi," alisahihisha Verlin, maana ulimi wa kinyozi haujui kukaa.

Marcy alimtazama, akaosha sahani yake, akaenda juu. Kwenye ngazi ya kati alisimama.

"Miaka ishirini na mbili unasema pale mbele. Hujawahi kunitaja hata mara moja. Na siku utakayonikaribia, ni ya kusema ninakokwenda hakufai." Kisha akamalizia kupanda.

Jumanne ukumbi ulijaa. Mkuu wa zimamoto alieleza kwamba mtu mwenye msongo akiona boti mpya mtoni moyo wake hutulia. Mkuu wa bustani alileta picha ya kibanda, na ndani ya picha kulikuwa na bata. Palermo aliusifia ubao wake mpaka sauti ikamkauka. Tawnya naye alisema dakika zake tatu kwa Mlango wa Nyuma, akakaa safu ya pili, mikono imeshikana. Ndipo Bi Fetterman akasoma safu ya wanaopinga, ingawa hakuhitaji kuisoma.

"Verlin Crabtree."

"Jina langu Verlin Crabtree, nakaa namba mia nne kumi na mbili, Mtaa wa Sycamore, ambako mtaro..."

"Mada, Mzee Crabtree," alisema Palermo.

"Napinga." Sauti ilitoka ileile ya siku zote, na Tawnya akafumba macho kama mtu aliyejibiwa dua. "Napinga fedha hizi kwenda kwenye ile nyumba ya kichochoroni. Mahali pale, waheshimiwa, pale mahali..."

Aliinua macho. Karibu na mlango, amevaa koti la mvua la njano lililokuwa la mama yake, alisimama Marcy, ambaye kwa miezi minane hakuwa ametia mguu Barabara Kuu.

Kinyozi alikauka. Maneno mabaya anayo ghalani, ya miaka na miaka, lakini alipoyatafuta ya kuitupia ile nyumba hakuyapata. Alitafuta juu, akatafuta chini.

"Pale mahali," alisema hatimaye, "kahawa yao ni mbaya."

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza Palermo, ambaye hakuzoea.

"Na maegesho hayatoshi. Nimemaliza kupinga. Bi Fetterman, nifute hapo, uniandike upande ule mwingine."

Bi Fetterman alitazama karatasi. "Nimeandika kwa wino."

"Kata."

"Msemaji anaweza kuhama upande akiwa amesimama?" aliuliza diwani mmoja. Mwingine akasema haiwezekani, itakuwa fujo. Wa tatu akasema inawezekana kama hajafika katikati. Mwanasheria wa mji aliitwa, akavaa miwani, akafunua kitabu, akavua miwani, akasema kanuni hazikumtarajia Mzee Crabtree kukubaliana na mtu yeyote. Wakabishana. Walipoafikiana kwamba anaweza kuhama, Verlin alivuta pumzi, akafungua mdomo, na kengele ikalia.

"Sijasema kitu!"

"Dakika tatu ni dakika tatu," alisema Bi Fetterman. "Mchungaji ulimdai sekunde kumi na moja."

Na kweli alimdai. Mchungaji mwenyewe alikuwepo, safu ya nne, akitazama viatu vyake kwa unyenyekevu mkubwa sana. Verlin alirudi kitini. Siku moja tu katika maisha yake alikuwa na jambo la kuunga mkono, na muda umekwisha kwa utaratibu alioulinda mwenyewe.

"Msemaji wa mwisho," alisoma Bi Fetterman, "anaunga mkono." Akasita, akaisogeza ile karatasi karibu na macho. "Marcy Crabtree."

Vichwa viligeuka. Marcy alipita katikati ya viti, koti likitoa sauti ya plastiki kila hatua, akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Jina langu Marcy Crabtree," alisema. "Nakaa namba mia nne kumi na mbili, Mtaa wa Sycamore."

Hakuna anwani iliyowahi kusikilizwa hivyo hapa Tolliver. Verlin alihisi shingo inawaka moto. Columbus, kampuni ya bima, vyeo viwili, vyote vilikuwa vimeanguka kwa namba moja ya nyumba, na hakuthubutu kumgeukia Bi Hazel Dunaway aliyekaa nyuma yake.

"Chumba cha juu," aliendelea Marcy. "Miezi minane sijatumia. Nikiamka vibaya nampigia Tawnya, anapokea. Juni hatakuwa na simu ya kupokelea. Ni hilo tu." Akamgeukia Verlin. "Dakika zilizobaki nampa baba yangu."

"Kwani inaruhusiwa?" aliuliza Palermo.

"Kanuni ya kumi na tisa," alijibu Bi Fetterman bila kufungua kitabu. "Mzee Crabtree aliipinga."

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile kilimpa Verlin nafasi ya kuinuka. Alisimama karibu na binti yake.

"Hayuko Columbus," alisema. "Mimi ndiye niliyewadanganya, yeye hajawahi. Nyumba yangu ina ngazi kumi na nne. Mwaka jana nilikuwa nasimama chini asubuhi, nasikiliza. Nikisikia kimya, naogopa kupanda. Nilikuwa nachemsha kahawa kwanza ili nisipande mapema, ili niwe na binti dakika tano zaidi." Akajifuta pua kwa mkono wa shati mbele ya baraza. "Sasa namsikia akishuka. Kumi na nne. Kila siku. Ile nyumba ya kichochoroni ndiyo inayomshusha ngazi. Niliona haya, ndiyo maana sikusema. Kahawa yao ni mbaya kweli, hilo silifuti. Nawaomba mpitishe."

Bi Fetterman alitazama saa yake.

"Umebakiwa na sekunde arobaini," alisema, kwa sauti ambayo hatukujua anayo.

"Basi kuhusu mtaro..."

Akaigonga kengele. Ilikuwa mapema kwa sekunde thelathini na nane, na ndiyo mara ya kwanza Verlin hakulalamika.

Kura zilikwenda kama Tawnya alivyohesabu, tatu kwa tatu, kisha zamu ya Palermo. Aliutazama mchoro wa ubao wake muda mrefu, kama mtu anayeaga. Kisha akamtazama Verlin.

"Miaka ishirini na mbili mtu huyu ananiomba mtaro," alisema. "Mtaro siuwezi, mtaro ule ni wa serikali ya jimbo, nimechoka kumwambia. Hili naliweza. Mlango wa Nyuma."

Tawnya alipiga kelele iliyosikika ng'ambo ya mto.

Watu walipoanza kutoka, Bi Hazel Dunaway alimwahi Verlin mlangoni. Verlin alijikaza.

"Hazel, kuhusu ile bima ya paa..."

"Lilikuwa jibu zuri, paa limelipiwa. Na usijisumbue. Nimejua tangu Februari. Columbus gani hiyo inayoanika soksi za kike uani kwako?" Akamgeukia Marcy, akamfunga kifungo cha juu cha koti. "Kesho njoo uchukue pai, mwanangu. Pitia mlango wa mbele."

Ijumaa Verlin alimpeleka binti yake kama kawaida. Alifika kwenye kona na hakusimama. Alikwenda mpaka Barabara Kuu, akaegesha mbele ya lile duka la zamani la viatu, gurudumu moja juu ya njia ya miguu.

"Baba, hapa ni pa kulipia."

"Najua. Nilipinga."

Marcy alishuka akicheka, akazunguka kuelekea kichochoroni. Verlin hakufungua gazeti. Alivua kofia, akaiweka kwenye kiti alichokuwa amekaa binti, akateremsha kioo chote. Palermo alikuwa anapita na kahawa mkononi, akasimama.

"Mzee Crabtree. Unamsubiri nani hapa?"

"Binti yangu," alisema Verlin, kwa sauti ya barazani, mpaka mtu wa ng'ambo ya barabara akageuka. "Yuko ndani. Anatoka saa nne."